Ziara iliyozimika Machi 2020: kisa cha Billie Eilish nilivyokisimulia Majengo

Kijana mmoja mwimbaji wa Majengo aliniletea mkataba wa kurasa nne kutoka kwa promota wa ng'ambo ya mpaka. Miji mitatu, siku kumi, safari yake ya kwanza ya kuimba nje ya Kongo. Alitaka nimwambie jambo moja tu: kama cachet, yaani malipo ya msanii, inatosha. Mimi nakodisha sono, vyombo vya sauti, hapa Goma kwa zaidi ya miaka ishirini, na mikataba ya aina hiyo nimeiona ya kutosha, kwa hiyo siku hizi ukurasa wa malipo nausoma mwisho. Nilianza na kifungu cha tamasha lisilofanyika. Kilikuwa na mstari mmoja: tamasha litasogezwa hadi tarehe itakayotangazwa.

"Yaya, hapo kuko shida gani?"

Nikamwambia avute kiti. Niliyomsimulia ni haya, pamoja na machache niliyoyakumbuka baada ya yeye kuondoka.

Nyimbo za Billie Eilish huzisikii kwenye taxi-bus za Birere. Mimi mwenyewe nilimjua kupitia binti wa dada yangu, aliyekuwa akiziimba jikoni kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Lakini ukitaka kuona jinsi ziara ya kwanza ya arena, zile kumbi kubwa za maelfu ya watu, inavyojengwa na inavyoporomoka, sijui kisa kilicho wazi kuliko chake. Alizaliwa Los Angeles Desemba 2001. Albamu yake ya kwanza ilitoka Machi 2019. Aliitengeneza na kaka yake Finneas, sehemu kubwa chumbani nyumbani kwa wazazi wao. Septemba mwaka huohuo ikatangazwa Where Do We Go? World Tour, ziara yake ya kwanza ya arena: ianze Marekani Machi 2020, ishuke Amerika Kusini, ivuke kwenda Ulaya, imalizikie Asia. Tiketi zikiwa tayari mikononi mwa watu, tarehe 26 Januari 2020, akabeba tuzo za muziki za Grammy tano usiku mmoja, na nne kubwa zote zikiwa humo: albamu, rekodi na wimbo wa mwaka, na msanii mpya bora. Kabla yake aliyewahi kuzizoa hizo nne kwa usiku mmoja alikuwa Christopher Cross, mwaka 1981. Billie alikuwa na miaka 18.

Mwezi uliofuata ukatoka wimbo wake wa filamu mpya ya James Bond. Na hapo ndipo ishara ya kwanza ilipojitokeza, kwa aliyetaka kuiona. Tarehe 4 Machi wenye filamu walitangaza kwamba wameisogeza kutoka Aprili hadi Novemba kwa sababu ya virusi. Siku tano baadaye, tarehe 9 Machi, Billie akapanda jukwaani Miami, kwenye arena inayoingiza karibu watu 20,000.

Watu hupenda kuuliza: kwa nini hawakusimama palepale, ikiwa hata James Bond amekimbia? Jibu ni kwamba filamu iliyokamilika unaweza kuiweka kabatini. Haili, haidai mshahara. Ziara siku tano kabla ya kuanza imeshakula karibu kila kitu ilichopaswa kula, na bado haijaingiza hata usiku mmoja.

Jukwaani walikuwa watatu tu: yeye, Finneas, na mpiga ngoma. Ukiona video unaweza kudhani ni kazi nyepesi. Mimi macho yangu huenda juu, kwenye paa. Spika zinazoning'inia, taa, skrini, vyote vimefungwa kwa minyororo na mota kwenye vyuma vya paa, na kila kilo imepigiwa hesabu na mtu anayejua paa lile linabeba nini. Mafundi huingia alfajiri ukumbi ukiwa mtupu. Usiku, kabla mashabiki hawajafika kwenye magari yao, minyororo imeanza kushuka, malori yanapakiwa kwa mpangilio uleule, na kufikia asubuhi mzigo uko mji mwingine. Hapa kwetu mimi na vijana wangu wawili tunafunga baffles nane, yaani spika, na grupu moja la umeme na tunajiona wanaume.

Sasa, vyuma hivyo, mazoezi, uchoraji wa jukwaa, video za skrini, kodi ya vifaa, malipo ya watu wa mazoezi, vyote hutoka kabla ya tiketi ya kwanza kuchanwa mlangoni. Msanii na promota wanakubali kwa sababu gharama hizo zitagawanywa kwa usiku wote wa ziara. Nilimpigia kijana hesabu ya kwetu. Fuso ya kutoka hapa hadi Kigali na kurudi, tuseme ni dola 600. Ukiimba Gisenyi, Musanze na Kigali, kila tamasha linabeba 200. Musanze ikifutwa, Gisenyi na Kigali zinabeba 300 kila moja. Gari ni lile, barabara ni ileile. Ziara nzima ni hesabu hiyo, isipokuwa wao wanavuka bahari na gharama ya kuvuka Atlantiki inagawanywa kwa London, Manchester na miji mingine yote ya upande ule. Mji mmoja ukifunga mlango, mingine yote inakuwa ghali zaidi, hata ile isiyo na mgonjwa.

Miami ikapita. Katikati ya onyesho lile walionyesha video ambamo anavua nguo polepole huku sauti yake ikiwauliza watu wanaoujadili mwili wake wanataka nini hasa. Ilitengenezwa kwa ajili ya jukwaa. Mwishoni mwa Mei ikawekwa kwenye intaneti, kwa kuwa jukwaa lake halikuwepo tena. Tarehe 10 Machi ilikuwa Orlando. Tarehe 11 Shirika la Afya Duniani likautangaza ugonjwa kuwa janga la dunia, na usiku huohuo ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ikasimamisha michezo. Tarehe 12 mapromota wakubwa wa Marekani wakasimamisha ziara zao. Wiki haijaisha, ziara ya miezi sita imekwisha, ingawa hakuna aliyesema hivyo. Walisema imeahirishwa.

Hilo neno, kuahirisha, ndilo kiini cha kisa chote.

Ili uahirishe unahitaji tarehe, na tarehe za arena si mali yako. Arena nyingi za Marekani ni nyumbani kwa timu za kikapu au za magongo ya barafu. Timu ndiyo inayopanga kwanza, na mwanamuziki anapewa siku zilizobaki. Machi 2020 kila ziara ya dunia ilitaka siku hizohizo zilizobaki kwa wakati mmoja, na timu zenyewe hazikujua zitarudi lini. Hata ukipata siku Miami, unahitaji Orlando iwe karibu nayo, maana malori hayaruki. Hata Marekani yote ikifunguka, Brazili ina sheria yake, Uingereza yake, Ufilipino yake. Kwa hiyo "tutawatangazia" halikuwa jibu la mtu mvivu. Ni kweli hapakuwa na cha kutangaza.

Lakini geuza upande wa aliyenunua. Amelipa Septemba au Oktoba 2019. Pesa yake imekaa mahali, na mahali hapo si mfukoni mwake. Tamasha likifutwa anarudishiwa. Likiahirishwa bila tarehe, halijafutwa, basi hadai kitu, anasubiri. Kampuni kubwa za tiketi zililaumiwa sana Aprili 2020 kwa tofauti hiyo, na lawama ilikuwa ya haki. Kuahirisha bila tarehe ni kukopa kwa shabiki: hakuna riba, hakuna siku ya kulipa, na mkopeshaji hakuulizwa. Walioishi kwa kupakia na kufunga vyuma nao walisubiri, bila mshahara, kwa sababu wengi wao hulipwa kwa ziara. Live Nation, kampuni kubwa ya kuandaa matamasha, ilianzisha mfuko wa kuwasaidia, kwa ahadi ya dola milioni 10. Kwa kampuni ambayo mapato yake yalikuwa dola bilioni 11.5 mwaka 2019, ungeweza kuguna. Ila mwaka 2020 mapato hayohayo yalianguka chini ya bilioni 2. Dhoruba iliwapiga wote, walio na meli na walio na mtumbwi.

Mimi nilikuwa na mtumbwi.

Wakati huo nilimsimamia msichana mmoja wa Katindo, sauti ya kwaya, nyimbo zake mwenyewe nne au tano zilizokuwa zimeanza kusikika redioni. Tulipanga tamasha lake la kwanza ng'ambo, Gisenyi, Jumamosi tarehe 28 Machi 2020. Najua, Gisenyi ni mwendo wa miguu; kutoka Petite Barrière, kituo cha mpaka, unawaona watu wake wakianika nguo. Lakini kwa msanii wa Goma mpaka ni mpaka: pasi, tangazo la forodha la kila kipaza sauti, ukumbi unaodai malipo ya awali kwa faranga za Rwanda. Na hatukuwa wageni wa magonjwa. Ebola ilipoingia Goma Julai 2019 tulijifunza kunawa kila kona, na hadi Machi ile ndoo zenye bomba zilikuwa bado mpakani, maji yana harufu ya klori, mtu anakulenga kipima joto kwenye paji la uso. Agosti 2019 mpaka ulifungwa kidogo ukafunguliwa. Basi tuliposikia habari za Korona wengi tulisema haya tunayajua. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

Niliuza tiketi 140 kwa dola 5. Dola 700. Nilitoa 300 kwa ukumbi, 100 kwa mwenye gari, 60 kwa mabango. Tarehe 18 Machi rais akapiga marufuku mikusanyiko. Rwanda ikafunga mipaka usiku wa tarehe 21. Mfukoni nilibaki na dola 240, na watu 140 wananidai 700.

Nikaandika kwenye simu, nikasambaza: tamasha limeahirishwa, tarehe itatangazwa, tunzeni tiketi. Niliandika haraka, na ninakiri nilipumua. Kama ningeandika "limefutwa", ningepaswa kutafuta dola 460 wiki ileile. "Limeahirishwa" lilinipa usingizi.

Mwenye ukumbi naye alinijibu hivyohivyo: malipo ya awali hayarudi, nitakuwekea siku nyingine. Nilimwona mwizi. Ilinichukua miezi kuona kwamba alikuwa ananifanyia kilekile nilichowafanyia wengine.

Mwaka ukapita. Mpaka haukurudi kuwa ule wa zamani, kwa hiyo nikaamua tulifanye Goma, kwenye ukumbi mmoja wa Himbi, Jumamosi tarehe 5 Juni 2021, tiketi za zamani zitumike. Nikatangaza kwa sauti kubwa. Mwanzoni mwa Mei ikaja hali ya dharura ya kijeshi, tukasogeza saa ya kuanza iwe mchana. Tarehe 22 Mei, saa moja za jioni, mbingu ikawa nyekundu. Nyiragongo, volkano yetu, imelipuka. Tarehe 27 jeshi likaamuru mitaa kumi ya mji ihame, na watu wakaondoka na magodoro kichwani, wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi. Msichana wangu alivuka mpaka kwa mara ya kwanza tangu Machi 2020, na hakuwa na kipaza sauti, alikuwa na mdogo wake mgongoni.

Ilipofika Julai nilikuwa nimeahirisha mara mbili, na nilikuwa nakwepa soko la Virunga. Kuna mama pale anayeuza sambaza, wale samaki wadogo. Alikuwa amenunua tiketi mbili, yake na ya binti yake, akaziweka ndani ya Biblia. Alihama na Biblia ile, akarudi nayo. Siku niliyojikuta mbele ya meza yake hakunipigia kelele. Alizitoa, bado zimenyooka, akazilaza juu ya samaki.

"Papa, mimi sina shida na wewe. Lakini franga yangu?"

Niliuza amplifaya moja, nikatoa daftari, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wengine niliwatumia kwa M-Pesa. Yule mama alitaka taslimu. Nilimpa noti ya dola 10, akainyanyua kwenye mwanga, akanionyesha ukingoni mpasuko usiofika hata ukucha. "Hii batakatala." Na kweli, hapa kwetu noti ya dola yenye kidonda haipiti kwa mtu yeyote. Nikarudi kesho yake na nyingine safi. Daftari lilikamilika Septemba 2021. Miezi kumi na minane. Wasichana wa umri wa msanii wangu hubadilika sana kwa miezi kumi na minane. Zile nyimbo alikuwa hataki hata kuzisikia.

Hapo ndipo nirudi kwa Billie, kwa sababu yeye alimaliza vizuri kuliko mimi, na nadhani najua kwa nini.

Tarehe 4 Desemba 2020, akiwa bado hajatimiza miaka 19, walitangaza kwamba ziara imefutwa. Maelezo yake yalikuwa mafupi: wamejaribu kila njia, hakuna iliyowezekana, na ingawa wengi wangetaka kubaki na tiketi zao, jambo jema la kufanya ni kuwarudishia watu pesa mapema iwezekanavyo. Hakuwaomba wasubiri albamu ijayo. Hakuhamisha tiketi za ziara moja kwenda ziara nyingine. Ukisikia jambo hilo haraka unaona ni kushindwa. Mimi ninaona walilipa deni, kisha wakawa huru.

Bado nina neno nao. Miezi tisa ni mingi. Kufikia Juni au Julai kila fundi wa taa duniani alijua 2020 imekwenda, na aliyenunua tiketi mwanzoni alikaa zaidi ya mwaka mzima. Sidhani ni Billie aliyechelewesha. Mnyororo wa msanii, wakala, promota, ukumbi na muuza tiketi ni mrefu, na kila mmoja anamngoja mwingine atamke neno "kufuta" kwanza, maana anayelitamka kwanza huwa ndiye wa kwanza kuulizwa nani atalipa. Wenye mashindano ya tenisi ya Wimbledon walifuta mapema, Aprili mosi 2020, na moja ya sababu za ujasiri wao ilikuwa bima iliyotaja magonjwa ya kuambukiza. Ukiwa na bima kama hiyo, kufuta kunakuletea pesa. Usipokuwa nayo kunakutoa pesa. Basi usishangae nani alikuwa mwepesi.

Katikati ya kungoja walifanya jambo moja la akili. Tarehe 24 Oktoba 2020 aliimba moja kwa moja kwenye intaneti kutoka studio ya Los Angeles iliyozungushiwa skrini, tiketi dola 30. Kilichonipendeza ni kwamba hawakusema "tiketi yako ya arena sasa ni tiketi ya video". Waliuza kitu kipya kwa bei yake. Mimi kuna siku nilifikiria kumrekodi msichana wangu kwa simu na kuwatumia wale 140, tuhesabiane tumemalizana. Namshukuru mke wangu aliyeniuliza kama ningependa kuagiza mbuzi nikaletewa picha ya mbuzi.

Mei 2021 ikatangazwa ziara mpya, Julai ikatoka albamu ya pili, na tarehe 3 Februari 2022 akaanza upya, New Orleans, kwa nyimbo nyingine, jukwaa lingine, na mtu mwingine kidogo, maana alikuwa na miaka 20. Usiku wa Atlanta, siku mbili baadaye, alisimamisha onyesho ili shabiki aliyeishiwa pumzi apewe dawa ya kuvuta, akasubiri hadi alipoona yuko sawa. Juni akaijaza O2 ya London usiku baada ya usiku. Kwenye vitabu hiyo ni ziara yake ya pili ya arena. Kwa miguu yake ilikuwa ya kwanza.

Na ile ya kwanza hasa, ya msichana wa miaka 18 mwenye Grammy za wiki sita zilizopita, haikufanyika na haitafanyika. Kuahirisha kungeweza kuokoa pesa. Usiku ule kusingeuokoa. Ndiyo maana naona walivyofanya, kufunga hesabu na kuanza na kitu kipya, kulikuwa sahihi hata kwa muziki wenyewe. Mimi nililazimisha nyimbo za 2020 ziishi hadi 2021 kwa sababu tu tiketi zilikuwa zimeshachapishwa.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho, isipokuwa mara moja alipotoka kuzima pikipiki yake. Kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyomweleza: "Sasa hapo tuandike nini?"

Tuliandika mistari mitatu, kwa Kifaransa, na binti wa dada yangu akaigeuza Kiingereza. Tamasha lisipofanyika, tarehe mpya itajwe ndani ya siku 60. Isipotajwa, tamasha limefutwa, na pesa ya wanunuzi irudi. Malipo ya awali ya tiketi yakae kwenye akaunti ambayo promota peke yake hawezi kuigusa.

Promota alikataa wa tatu, akakubali miwili ya kwanza. Sikushangaa.

"Na siku ya 61 tukipata tarehe?" kijana akauliza, kalamu bado mkononi.

"Utauza tena."

"Bakikatala kununua?"

Nilimwambia aweke sahihi ukurasa wa mwisho, kisha twende tukaangalie cachet.